Spika Nyembamba, Amplifaya Nzito

Shule za Doha zinapofunga mwezi Juni, mji wa Al Wakrah, Qatar, huanza kuhama. Walimu, wahandisi na wauguzi ambao mikataba yao imefika mwisho humwaga mali zao kwenye magrupu ya WhatsApp: friji, makochi, baiskeli za watoto, zulia ambalo halijatimiza hata miaka miwili. Picha hupandishwa asubuhi, na jua likizama vitu vimeshapata wenyewe. Katikati ya mazagazaga hayo, kwa nadra, huweza kutokea picha ya kitu ambacho wengi watadhani ni pazia la chuma la kugawia chumba: vibao viwili vyembamba, kimo cha mtoto wa darasa la tano, vyenye uso wa matundu madogo madogo. Ukisimama nyuma yake mchana unaliona dirisha la upande wa pili kupitia humo, kama mtu anayetazama nje akiwa ndani ya chandarua.

Ni spika. Zinaitwa spika za umeme tuli, na mwenye kuzipata kwa bei ya kuondokea ana haki ya kutabasamu. Tabasamu hilo huweza kufutika usiku uleule. Anaziunganisha na ile risiva ya televisheni aliyo nayo nyumbani, anafungulia muziki, anapandisha sauti kidogo, halafu ndani ya risiva kunalia “tk!” na kimya kinatanda. Anawasha tena. Inazima tena. Anaanza kuamini kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Akimpigia fundi wake wa redio kule Mombasa, mazungumzo huenda namna hii.

“Fundi, shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Joto la huko vipi?”

“Tutazoea. Fundi, nimepata spika za pazia, lakini amplifaya inajizima.”

“Inajizima hata sauti ikiwa chini, ama ukipandisha?”

“Nikipandisha. Wimbo ukiwa na matoazi ndiyo mbaya zaidi.”

“Basi spika zako nzima. Hiyo mashine yako ndiyo haina pumzi.”

Pumzi ni neno zuri kuliko wati. Duka lolote la vifaa vya elektroniki, liwe la Doha au la Kariakoo, litamwonyesha mteja boksi lililoandikwa wati 500, wati 1,000, na herufi kubwa za dhahabu juu yake. Kwa spika za kawaida mtu anaweza kudanganyika na namba hizo na asione madhara makubwa. Spika za umeme tuli hazisamehe.

Sababu yake imo katika umbo lake. Spika iliyozoeleka ina koni ya karatasi inayosukumwa na koili ndani ya sumaku. Hii haina koni. Ina utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, uliowambwa kama ngozi ya ngoma katikati ya mabamba mawili ya chuma yenye matundu. Utando hupewa chaji ya volti elfu kadhaa isiyobadilika, ndiyo maana kila spika huhitaji soketi yake ukutani. Muziki kutoka kwenye amplifaya hupitia transfoma iliyomo chini ya kibao, ambayo huipandisha volti yake mara nyingi kabla ya kuifikisha kwenye mabamba. Bamba moja linapovuta, jingine linasukuma, na utando wote unakwenda mbele na nyuma kwa pamoja. Kwa kuwa utando hauna uzito wa kuhesabika, huanza na kusimama pale muziki unapoanza na kusimama. Kanuni ya taarabu, yenye nyuzi zaidi ya 70, husikika uzi kwa uzi. Pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti husikika pia, hata ile aliyotamani isisikike.

Lakini mabamba ya chuma yaliyotenganishwa na nafasi ndogo ni nini hasa? Yeyote aliyewahi kufungua redio ana jibu: ni kapasita. Na kapasita ina tabia yake. Sauti nzito haipiti kwa urahisi, sauti nyembamba inapita kama mlango uko wazi. Kwa lugha ya mafundi, ukinzani wake hushuka kadiri sauti inavyokuwa nyembamba. Hapo ndipo amplifaya nyingi zinapokwama.

Chukua mfano wa kweli, ElectroMotion ESL ya kampuni ya Kimarekani ya MartinLogan, iliyoanza kazi mjini Lawrence, Kansas, mapema miaka ya 1980. Hii ni spika chotara: sehemu ya juu ni utando, sehemu ya chini ni koni ya kawaida ya inchi 8 inayobeba besi. Kiwandani imeandikwa omu 6, namba isiyotisha. Ila pembeni yake pana maneno mengine: omu 1.6 kwenye hezi 20,000. Sasa piga hesabu. Amplifaya inayotoa volti 20 kwenye spika ya omu 8 inasukuma ampea 2.5, sawa na wati 50. Volti zilezile 20 zikikutana na omu 1.6 zinadai ampea 12.5. Mashine ni ileile na kitufe cha sauti hakijaguswa, ila mkondo umezidi mara tano. Risiva ya bei nafuu, ambayo transfoma yake moja inalisha chaneli tano au saba, ikiona dai kama hilo hujikinga kwa kuzima. “Tk!”

Haki itendeke kwa spika hizi: hali halisi ni nyepesi kuliko hesabu hiyo. Muziki hauna nguvu nyingi huko juu kabisa. Ngoma, besi na sauti ya binadamu ndizo zinazobeba mzigo mkubwa, na matoazi au kayamba huongeza chumvi tu. Amplifaya nyepesi inaweza kuziendesha spika hizi kwa wiki nzima kwa sauti ya maongezi bila kulalamika. Tatizo hujitokeza pale mwenyewe anapotaka kusikiliza kwa sauti kubwa, ama pale saketi ya amplifaya isiyo imara inapokutana na kapasita na kuanza kutetemeka yenyewe kwa masafa ambayo sikio halisikii. Mtetemo huo hupasha transista joto hadi zikaungua, na mwenye mali hajui hata kilichotokea.

Mmoja wa watu wa kwanza kuzifanikisha spika hizi kibiashara alikuwa Mwingereza Peter Walker, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1936 na baadaye kuiendesha mjini Huntingdon chini ya jina la Quad. Mwaka 1957 aliingiza sokoni spika ya umeme tuli ya kubeba sauti zote, isiyo na koni hata moja, na mpaka leo wapo wanaoziwinda hizo za zamani. Amplifaya aliyoziendeshea ilikuwa Quad II, mashine ya vali yenye wati 15. Kumi na tano! Mwaka 1967 akaleta ile ya transista, Quad 303, yenye wati 45, na watu wakaona ni nyingi. Ilipokuja Quad 405 ya wati 100 mwaka 1975, spika za 1957 zikawa hatarini, kwa sababu volti zikizidi kipimo cheche huruka kati ya utando na bamba na kutoboa utando. Ilibidi 405 iwekewe kidhibiti kwa wale waliotaka kuitumia na spika hizo. Mrithi wa spika hizo, ESL-63, aliingia sokoni mwaka 1981 akiwa na kinga yake ndani.

Kwa hiyo mnunuzi aliyebahatika kukuta Quad za zamani anatafuta mashine ndogo, tulivu na imara. Aliyekuta MartinLogan chotara anaweza kwenda juu zaidi, ingawa hata yeye hahitaji mlima. ElectroMotion ESL hutoa desibeli 91 kwa umbali wa mita moja ikilishwa volti 2.83, na katika chumba cha ghorofa ya Al Wakrah wati 50 zenye pumzi zitamfikisha mahali ambapo jirani wa juu ataanza kugonga sakafu.

Fedha sasa. Kima cha chini cha mshahara nchini Qatar, tangu Machi 2021, ni riali 1,000 kwa mwezi, mbali na posho ya malazi na chakula. Tuseme mtu mwenye kazi iliyo juu kidogo ya hapo ametenga riali 1,500 kwa amplifaya peke yake. Riali inakwenda 3.64 kwa dola, kwa hiyo mkononi ana dola 412 hivi. Kwa kiasi hicho mashine mpya ya stereo inayojiita ya kifahari haipatikani, na iliyoandikwa wati 1,000 inapatikana kwa wingi mno. Zote mbili za kuachana nazo.

Njia ya kwanza, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo bora, ni kununua iliyotumika, ya kampuni inayojulikana, na iliyo nzito. Uzito wa amplifaya za zamani hautoki kwenye boksi. Unatoka kwenye transfoma ya shaba na mapezi ya alumini ya kupooza transista, na hivyo viwili ndivyo vinavyotoa pumzi. Ukiiinua kwa mkono mmoja bila kukunja uso, uliza maswali. NAD 3020 iliyotoka mwaka 1978 iliandikwa wati 20 tu, lakini mbunifu wake, Erik Edvardsen, aliipa uwezo wa kutoa mkondo kwa mzigo mgumu, na ikawashangaza walionunua mashine za bei mara mbili. Upande wa wenye nguvu yupo Adcom GFA-555 ya mwaka 1985, kazi ya Nelson Pass, yenye wati 200 kwenye omu 8 na wati 325 kwenye omu 4. Tazama hizo namba mbili kwa pamoja. Ukinzani umepungua nusu, nguvu imepanda sana. Karatasi ya maelezo yenye mtindo huo inasema kweli kuhusu pumzi. Ile inayotaja omu 8 peke yake na kunyamaza, au inayoonya kwa maandishi madogo kwamba isiunganishwe chini ya omu 6, nayo imesema kweli kwa namna yake.

Namba nyingine ya kutafuta kwenye karatasi ni kipimo cha dampingi, kinachoonyesha jinsi ukinzani wa ndani wa amplifaya ulivyo mdogo. Kwa spika hizi namba hiyo si pambo. Amplifaya yenye kipimo cha 80 ina ukinzani wa ndani wa omu 0.1. Ikikutana na spika inayoshuka kutoka omu 6 hadi 1.6, sauti nyembamba kabisa hupungua kwa kama nusu desibeli ukilinganisha na sauti za kati, tofauti ambayo hakuna shangazi atakayeigundua. Mashine ndogo ya vali yenye kipimo cha 4 ina omu 2 ndani. Hapo upungufu, kwa hesabu ya kijuujuu, unakaribia desibeli 4.5, na matoazi yanasikika kama yamefunikwa blanketi. Wapo wanaopenda blanketi hilo na kuliita utamu wa vali. Ni hiari yao, mradi wajue wanachonunua.

Njia ya pili ni vile visanduku vidogo vya amplifaya za daraja D vinavyoagizwa kutoka China, vinavyoingia kwenye mfuko wa koti na kugharimu sehemu ndogo ya hizo riali 1,500. Tusivibeze. Chipu ya TPA3255 ya Texas Instruments iliyomo ndani ya vingi vyao ina nguvu za kweli. Shida ni kwamba muziki ukitoka kwenye chipu hupita kwenye kichujio cha koili na kapasita kabla ya kufika kwenye spika, na katika saketi za mwanzo chipu haijui kinachotokea baada ya kichujio hicho. Ukiweka spika ambayo yenyewe ni kapasita, kichujio kinabadilika tabia, na sauti nyembamba zinaweza kuvimba au kusinyaa. Saketi mpya zaidi hurudisha taarifa kutoka baada ya kichujio na kujisahihisha. Fosi Audio V3 haina mpango huo, V3 Mono iliyoifuata inao, na Waholanzi wa Hypex waliujenga tangu mwanzo kwa ubunifu wa Bruno Putzeys. Jina la kifaa linaweza kutofautiana kwa neno moja tu, kwa hiyo isomwe karatasi.

Vipi kuhusu ile risiva iliyozima? Usiitupe. Nyingi zina swichi au menyu ya kuchagua omu za spika, na mtu mwenye nia njema huipeleka kwenye namba ndogo akidhani anaisaidia. Kwa kawaida chaguo hilo hupunguza tu volti za ndani ili mashine isipate joto, na pumzi inapungua badala ya kuongezeka. Kama risiva ina matundu ya kutolea mawimbi kwenda amplifaya ya nje, ibaki kuwa kichwa cha kuchagulia na kupandishia sauti, na kazi ngumu ifanywe na ile nzito. Ila mtego mmoja uepukwe kabisa: kuunganisha chaneli mbili za amplifaya ziwe moja ili kupata wati nyingi. Kila nusu ya mashine huona ukinzani uliogawanywa kwa mbili, kwa hiyo 1.6 inakuwa 0.8. Karibu sawa na kugusisha nyaya.

Siku ya kwenda kuangalia mashine, mnunuzi wa Al Wakrah ana bahati ya usafiri. Red Line ya metro inaanzia hapo mjini kwake na kupita Doha hadi Lusail, na amplifaya ya kilo 15 inakaa mapajani vizuri wakati wa kurudi, ingawa abiria wa jirani watatazama. Mfukoni awe na mita ya kupimia umeme, ile ya bei rahisi kabisa inatosha. Mashine iwashwe, iachwe dakika kumi bila spika wala muziki, kisha vijiti viwekwe kwenye matundu ya spika na mita isome volti za DC. Milivolti 10 au 20, sawa. Zikipita 50, kapasita au transista zimechoka. Zikifika volti nzima, funga begi uondoke, hata kama mwenye nyumba ameshaleta chai. Kwa spika ya koni kosa hilo ni baya. Kwa spika ya umeme tuli isiyo na koni ni janga, kwa sababu umeme wa DC hauuoni utando wala mabamba. Unaona waya wa shaba wa transfoma tu, wenye ukinzani mdogo sana, na unapita humo kama maji kwenye bomba lililopasuka.

Nyuma ya mashine kuna kibandiko cha volti. Qatar hutumia volti 240 na hezi 50, Kenya vilevile, Tanzania 230, na plagi ya pini tatu za mraba inaingia kote huko. Kwa hiyo kitu kilichonunuliwa Al Wakrah kitafanya kazi Likoni au Temeke bila adapta yoyote, faida kubwa kwa mtu anayejua kwamba siku moja atafunga mizigo. Lakini wahamiaji wa Qatar wametoka kila pembe, na Mmarekani anayehama huuza mashine ya volti 120, Mjapani ya volti 100. Ikichomekwa ukutani bila transfoma ya kushushia, itatoa moshi kabla haijatoa wimbo. Onyo hilohilo linazihusu spika zenyewe, maana nazo huchomekwa.

Kuna mambo ambayo amplifaya yoyote haiwezi kuyatibu. Besi ya Bongo Fleva inayotikisa vioo vya gari haimo ndani ya utando huu. Chotara zitajitahidi, Quad za zamani hazitajaribu. Sauti hutoka mbele na nyuma kwa nguvu moja, kwa hiyo spika zinataka kusimama mbali na ukuta, mita moja ikiwezekana, na katika chumba kinacholala watu wanne hiyo ni nafasi ya kitanda. Halafu kuna kiti kimoja tu kizuri. Wengine wote sebuleni husikia muziki, aliyekaa kwenye kiti hicho anamwona mpiga udi.

Al Wakrah yenyewe imeongeza sharti lake. Ni mji wa bahari, wa wavuvi na wazamia lulu wa zamani, na uwanja wake wa Al Janoub, uliochorwa na ofisi ya Zaha Hadid na kufunguliwa Mei 2019, umefuata umbo la jahazi. Unyevu wa Agosti hapo ni wa kukamuliwa, na upepo wa shamali ukivuma kutoka bara huja na vumbi laini kama unga wa ngano. Kitu chenye chaji ya volti elfu kadhaa hulivuta vumbi hilo kama sega lililosuguliwa kwenye nywele linavyovuta vipande vya karatasi. Vumbi likichanganyika na unyevu, chaji huvuja, sauti hufifia upande mmoja, na wakati mwingine spika huanza kutoa mlio mdogo wa kukaanga. Mwenye nazo huzichomoa ukutani jioni na kuziacha usiku mzima ili chaji iishe. Asubuhi, kiyoyozi kikiwa kimeshakausha hewa ya chumba, huchukua mashine ya kunyonya vumbi, akaivisha brashi laini, na kuipitisha taratibu juu ya matundu, kutoka juu kwenda chini, kwanza mbele, kisha nyuma.